Gari la Baba, lita 41 na safu niliyoiruka

Kwa miaka mingi nilinunua petroli kama wanunuavyo watu wengi mjini: kwa pesa, si kwa lita. Unasimama kwenye pampu, unashusha kioo, unasema "weka ya thelathini," kijana anaelewa ni elfu thelathini, unaondoka. Mtindo huu una ubaya ambao sikuuona mpaka mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita Dar es Salaam. Elfu thelathini ile ile ikaanza kuisha Alhamisi badala ya Jumamosi, kisha Jumatano. Kwa kuwa kila mtu alikuwa analalamikia bei, na mimi nikalalamikia bei. Kumbe nilikuwa na matatizo mawili yaliyovaa shati moja: bei ilikuwa imepanda kweli, na gari langu nalo lilikuwa linakula mafuta.

Gari lenyewe ni Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE, sisi (cc) 1,498, giaboksi otomatiki. Lilikuwa la baba. Alipofariki mwaka 2019 nikalirithi pamoja na vyote vilivyokuwa kwenye boksi la dashibodi: tochi iliyokufa, stika za bima za miaka iliyopita, kitambaa cha kufutia kioo, na daftari dogo la jalada gumu ambalo Baba alikuwa akiandika kila alipojaza mafuta. Mzee wangu alikuwa mtu wa kuandika. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo mngetarajia daftari lile liwe kitu cha kwanza kukifungua. Halikuwa.

Cha kwanza nilichofanya ni kwenda gereji. Naishi Kibamba, nafanya kazi Posta, katikati ya jiji, na gereji iko njiani, chini ya mwembe, kama gereji nyingi nzuri na nyingi mbaya za mji huu. Fundi akafungua boneti, akachomoa plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha mafuta, akaniita. "Dada, njoo uone mwenyewe." Zilikuwa nyeusi tii, zimejaa masizi makavu kama sufuria ya kuni. Akanieleza kwamba plagi zimechoka. Tukanunua nne. Tukabadilisha na ea klina, kichujio cha hewa, ambayo kwa haki ilikuwa chafu. Wiki tatu baadaye nikarudi, gari linakula vilevile, plagi mpya zimeshakuwa nyeusi. Safari hii tukasafisha nozeli, zile zinazopuliza petroli. Safari iliyofuata fundi akachomeka mita kwenye waya wa oksijeni sensa, akaona volti zimeng'ang'ania juu, karibu na 0.8, hazishuki. Hukumu ikatoka: sensa imekufa. Nikaenda Gerezani, mtaa wa Shaurimoyo, nikarudi na sensa iliyotumika, "og kutoka Japan" (yaani halisi) kwa maneno ya muuzaji. Tukaifunga. Volti zikabaki palepale juu.

Hebu nisimame hapa kidogo, maana hapa ndipo pesa za watu wengi huishia. Sensa ile inakaa kwenye bomba la ekzosi na kazi yake ni kunusa moshi. Ikikuta oksijeni nyingi, maana yake mafuta ni machache, inatoa volti ndogo, kama 0.1. Ikikuta oksijeni imekwisha, maana yake mafuta yamezidi, inatoa karibu 0.9. Injini ikiwa imeshapata moto na ikienda vizuri, volti hupanda na kushuka mara kwa mara, kwa sababu kompyuta ya gari inaongeza na kupunguza mafuta kuuzunguka uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Sensa yangu ilikuwa inasema: mafuta yamezidi, mafuta yamezidi, mafuta yamezidi. Plagi nyeusi nazo zilikuwa zinasema hivyohivyo. Mashahidi wawili wametoa ushahidi unaofanana, nasi tukawafukuza wote wawili mahakamani na kuleta mashahidi wapya. Wapya nao wakasema yaleyale.

Mpaka hapo nilikuwa nimetumia shilingi 213,000: plagi 48,000, ea klina 25,000, nozeli 60,000, sensa 80,000. Na sikuwa najua gari langu linatumia kiasi gani hasa. Nilijua tu kwamba "linakula."

Kabla ya kupima, nilipitia hatua ambayo nadhani kila Mtanzania huipitia: nilishuku kituo cha mafuta. Tuna sababu. Neno "kuchakachua" tunalolitumia leo kwa kura, kwa matokeo ya mitihani na hata kwa supu lilishika kasi midomoni mwetu wakati wa mafuta kuchanganywa na mafuta ya taa. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba (kemikali ya kuyatambulisha) kwenye mafuta, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili ule uchanganyaji usilipe tena. Kwa hiyo nilipoanza kutazama pampu kwa jicho la pembeni, nikiikagua stika ya Wakala wa Vipimo kama ofisa uhamiaji anavyokagua pasipoti, sikuwa kichaa. Lakini nilijaza vituo vitatu tofauti, pande tatu za mji, na gari likala vilevile kote. Haiwezekani wote waniibie kwa kiwango kimoja. Nikawaachia huru.

Sasa kupima. Njia ni ya kizamani na haihitaji kifaa. Jaza tenki mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiruhusu kijana aendelee kubonyeza ili afikishe namba nzima. Rudisha mita ndogo ya safari kwenye sifuri. Tembea siku zako za kawaida mpaka tenki lishuke chini ya nusu, ikiwezekana zaidi. Rudi kituo kilekile, pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo matenki matatu, kwa sababu tenki moja linadanganya: wiki moja mvua, foleni ya Ubungo mpaka saa nne usiku, wiki nyingine shule zimefungwa barabara nyeupe. Tenki langu la kwanza lilikuwa kilomita 293 kwa lita 41.3. Hiyo ni kilomita 7.1 kwa lita. Mengine mawili yakawa 7.0 na 7.2.

Kwa injini ya sisi 1,500, hata kwa otomatiki, hata kwa Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi, hiyo ni aibu. Hicho ni chakula cha gari lenye silinda sita.

Halafu nikagundua kwamba hata kilomita zenyewe si za kuaminika. Stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva inasema tairi 185/65R14. Tairi zilizokuwa miguuni zilikuwa 185/70R14, zilizofungwa ili gari linyanyuke kidogo lisigonge mawe kwenye barabara yetu ya mtaani. Ukipiga hesabu, tairi ya kwanza ina kipenyo cha milimita 596, ya pili milimita 615. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, na mita ya dashibodi haijui ulifunga nini, inahesabu mizunguko tu. Nikatembea na simu iliyowashwa ramani: simu ikasema kilomita 50, dashibodi ikasema 48.5. Asilimia 3 ya "mafuta yaliyopotea" hayakuwa yamepotea, ni kilomita ambazo hazikuandikwa. Tangu hapo nazidisha kila usomaji kwa 1.03. Namba yangu ikapanda kutoka 7.1 hadi 7.3 bila kugusa spana, na nakiri nilifurahi kupita kiasi.

Upepo wa tairi nitaupitia haraka. Ulikuwa 22 kwenye matairi mawili ya nyuma wakati stika inataka zaidi ya hapo, na kosa ni langu, sikumbuki mara ya mwisho niliujaza lini. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vipimo vya pale kwenye kompresa vimeanguka chini mara nyingi mno.

Breki zilinichukua muda zaidi. Kuna kamteremko kadogo kabla ya kufika kwetu ambako zamani Baba alikuwa akiweka gia huru na gari linateleza lenyewe mpaka getini. (Msiige, ni hatari, lakini wazee wetu walifanya.) Nilipojaribu nami, asubuhi moja barabara ikiwa tupu, gari lilisimama katikati ya mteremko kama punda aliyekataa. Siku ileile baada ya kufika kazini nikapitisha kiganja karibu na rimu za magurudumu yote bila kuzigusa. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya mbele kulia ilikuwa inatoa joto kama jiko lililotoka kuepuliwa chungu. Jioni fundi akainua na jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka nusu na kukwama. Pini za kaliper (kibanio cha padi za breki), zile zinazofanya kaliper itambae ndani na nje, zilikuwa zimekauka na kushika kutu, na padi zilikuwa zinasugua diski mchana kutwa. Kuzisafisha, kuzipaka grisi ya breki na kubadilisha mipira yake ilikuwa 25,000 pamoja na ufundi. Matenki mawili yaliyofuata yakanipa 8.1.

Ni nafuu, ndiyo. Lakini plagi zilikuwa bado nyeusi. Breki iliyoshika na tairi lisilo na upepo hulazimisha injini ifanye kazi zaidi, haviigeuzi plagi kuwa mkaa. Kulikuwa na kitu kingine kinachomwaga petroli ndani ya mitungi (silinda) ya injini.

Nikajaribu kuiuliza kompyuta. Carina ya umri huu haitaki mashine ya laki tatu. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko, cha kuchunguzia makosa. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, kisha mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mbili kisha moja ni 21, oksijeni sensa. Yangu ilikonyeza kwa mwendo mmoja, haraka, bila kutulia. Maana yake: hakuna kosa lililohifadhiwa. Nikakagua na mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya presha ya hewa, kwa sababu katika injini hizi mpira ule ukivuja kompyuta hudhani injini imebebeshwa mzigo na kumwaga mafuta. Ulikuwa mzima.

Hapo ndipo nikafungua daftari la Baba.

Tarehe, kilomita, lita, bei, na upande wa kulia safu pana aliyoiita "maelezo." Nilikaa Jumapili nzima nikiingiza namba kwenye kompyuta yangu. Tarehe, kilomita, lita. Bei niliiacha. Maelezo niliyaacha pia, maana mwandiko wa Baba ulikuwa mgumu na mengi yalikuwa mambo kama "mvua kubwa" na "nimempeleka Mama Hospitali ya Tumbi." Nikachora grafu. Kuanzia mwaka 2013 mstari ulikuwa unacheza kuizunguka kilomita 10.4 kwa lita. Agosti 2016 ukashuka kwa mara moja, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, mpaka 8.6, na haukupanda tena. Si kushuka kwa kuchakaa. Kuchakaa huteremka polepole. Hili lilikuwa tukio.

Nami mhasibu nikalitafutia tukio maelezo yangu mwenyewe. Baba alistaafu mwaka 2016. Nikasema, basi, alipostaafu safari zikawa fupifupi, sokoni na msikitini, injini haipati moto, ndiyo maana. Maelezo mazuri, yenye mantiki, na kilichonitia aibu baadaye ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli.

Baba mdogo ndiye aliyenizindua. Yeye aliendesha malori ya kwenda Zambia kwa miaka mingi, na sasa kazi yake ni kukosoa udereva wa wengine. Nilikuwa nampeleka Chalinze alfajiri kwenye shughuli ya kifamilia. Tumepita Mlandizi, barabara imefunguka, nakwenda themanini. Akawa kimya muda mrefu, kisha akasema:

"Mwanangu, gari lako lina baridi."

Nikamwambia nizime AC.

"Sijasema mimi. Gari."

Akaelekeza kidole kwenye mshale wa joto. Ulikuwa umelala robo, juu kidogo ya ile C. Nikamwambia kwa fahari kwamba gari hili haliwezi kuchemka hata siku moja, mshale haujawahi kupita hapo likiwa mwendoni, na hata kwenye foleni unapanda kidogo tu. Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto akijisifu kwamba hana joto la mwili. "Mshale wa Toyota unakaa katikati," akasema. "Ukikaa chini, kuna mtu ametoa themostati." Yaani kile kizibo kinachozuia maji yasiende kupozwa kabla injini haijapata moto.

Tulipofika, kabla hata sijasalimia watu vizuri, nikafungua boneti na kuchomoa plagi ya sensa ya joto la maji, ile yenye waya mbili inayotuma habari kwa kompyuta. Ile yenye waya mmoja ni ya mshale, msizichanganye. Mita ikasoma omu 580 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Sensa hizi huenda kinyume: maji yakiwa nyuzi 20, omu ni kati ya 2,000 na 3,000, na maji yakifika nyuzi 80, omu hushuka mpaka 300 na kitu. Omu 580 ni nyuzi 60 hivi. Injini imekimbia zaidi ya saa nzima na maji yako nyuzi 60.

Na hapa kila kitu kikajipanga. Petroli haiungui ikiwa majimaji, inaungua ikiwa mvuke. Injini ikiwa ya baridi, sehemu ya petroli inayopulizwa na nozeli hunata kwenye kuta na haigeuki mvuke, kwa hiyo kompyuta inaongeza nyingine ili inayobaki itoshe kuwaka. Ni kama kumwagilia shamba la mchanga. Kompyuta hufanya hivyo kila asubuhi, ikipunguza kidogokidogo maji yanavyopata moto. Gari langu halikuwahi kutoka asubuhi. Kwa kompyuta, hata tulipopita Mlandizi ilikuwa bado ni dakika ya tano tangu kuwasha. Na kosa halionekani, kwa sababu nyuzi 60 ni joto halali. Sensa ni nzima, waya ni mzima, namba inayotumwa ni ya kweli. Magari mapya zaidi yana msimbo wake wa kosa, P0128, unaolalamika kwamba injini inachelewa mno kupata moto. La mwaka 1998 linanyamaza na kuendelea kumwaga.

Si petroli tu. Oili ikiwa ya baridi ni nzito. Petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za mitungi na kuingia kwenye oili. Nilichomoa kijiti cha oili na kunusa, nikakumbuka kwamba fundi mmoja aliwahi kuniambia "oili yako ina harufu ya mafuta" na hatukuendelea kuuliza. Na giaboksi nyingi za otomatiki za Toyota za zama zile haziruhusu gia ya juu kabisa mpaka maji yafike joto fulani.

Themostati yenyewe ni kitu kidogo, unaweza kukificha kwenye kiganja. Kikombe cha shaba chenye nta ndani, springi, na kifuniko. Maji yakiwa ya baridi kifuniko kimefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu. Yakikaribia nyuzi 82 nta huyeyuka, huvimba, husukuma kifuniko, na maji huenda kwenye rejeta kupoa. Ndiyo hivyo tu. Na ni kitu ambacho nusu ya mafundi wa mji huu watakuambia hukihitaji. "Hiyo ya Ulaya dada, kwenye barafu. Sisi huku joto." Nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu ninaowaheshimu. Lakini Dar ikiwa kali ni nyuzi 34 hivi. Kutoka 34 mpaka 82 ni safari ndefu, na upepo wa barabara kuu unapiga rejeta muda wote. Kwa injini, Posta na Helsinki zote ni baridi, zinatofautiana kiasi tu.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikafungua daftari, Agosti 2016. Nikatumia miwani. Kwenye safu ya maelezo, kwa mwandiko ule ule niliouona mgumu: "Gari limechemka Mikese. Fundi kafungua mpira, katoa themostati. 15,000. Tumefika salama."

Nilikuwa nimeinakili tarehe ile. Niliandika kilomita zake. Niliandika lita zake. Nikairuka sentensi iliyokuwa na jibu.

Themostati mpya nilinunua 35,000, na kwa kuwa nilishaumwa na "og," niliipima jikoni. Unaifunga na uzi, unaining'iniza ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, unaweka kipimajoto, unawasha jiko. Mwanangu alisimama akitazama kama ninapika mdudu. Nyuzi 70, kimya. Themanini, kimya. Ilipopita 82 ikaanza kufumbua mdomo, taratibu, na kufika 95 ilikuwa wazi kabisa. Kufunga ni nati mbili za spana namba 10, mpira mpya unaozunguka ukingo, na kuhakikisha kile kipini kidogo kinachochezacheza kinatazama juu ili hewa ipate njia ya kutoka. Tukajaza kulanti, kimiminika cha kupozea injini, badala ya maji ya bomba. Fundi alifunga huku akitikisa kichwa. "Litachemka hili, dada. Mimi nakuambia."

Kesho yake likachemka.

Si sana. Foleni ya Kimara, saa kumi na mbili jioni, mshale ukafika katikati kwa mara ya kwanza tangu nilirithi, nikafurahi dakika kumi, kisha ukaendelea kupanda. Nikazima AC, nikawasha hita mpaka mwisho, madirisha wazi, jasho linatiririka, nikaingia kituo cha mafuta na kuzima. Nilimkumbuka fundi na nikaona aibu mapema. Lakini usiku nikiwaza nikaona kwamba alikuwa amesema kweli bila kujua maana yake. Themostati haikulichemsha gari. Ugonjwa uliolichemsha Mikese mwaka 2016 haukuwahi kutibiwa. Ulinyamazishwa tu kwa kuacha maji yapite wazi muda wote. Rejeta ilipofunguliwa ilikuwa na mirija mingi iliyozibwa na matope mekundu ya kutu, zawadi ya miaka ya maji ya bomba. Mfuniko wake nao ulikuwa haushiki presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Rejeta, mfuniko, kulanti mpya: 290,000. Hiyo ndiyo gharama iliyokwepwa kwa 15,000 pale Mikese. Mimi ningeikwepa pia. Una abiria, jua linazama, unataka kufika Morogoro.

Tangu hapo mshale umekaa katikati kama umepigwa msumari. Nimejaza matenki sita: kati ya 9.7 na 10.1, wastani 9.9. Plagi zilizochomolewa mwezi uliopita zina rangi ya kahawia nyepesi, kama ngozi ya mkate. Ile sensa ya awali, iliyohukumiwa kufa, nilikuwa nimeitupa kwenye buti. Nikairudisha kwa majaribio na volti zikaanza kupanda na kushuka kama inavyotakiwa. Ninayo ya pili sasa, kama kuna mwenye shida nayo. Natembea kilomita 1,100 hivi kwa mwezi. Kwa 7.3 hizo zilikuwa lita 151, sasa ni 111. Piga hesabu kwa bei ya mwezi unaosoma hapa, EWURA hutoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Ile nusu kilomita iliyobaki kufikia 10.4 ya Baba sijaipata, na nimeacha kuitafuta. Injini imeshatembea kilomita nyingi, na mwaka 2013 foleni ya kutoka Kibamba haikuwa hii.

Wiki iliyopita nilipita gereji kumlipa fundi deni dogo. Nilimuuliza, bila ugomvi, kama anakumbuka amewahi kutoa themostati ngapi. Akacheka. "Mtu anakuja limechemka, ana elfu ishirini mfukoni. Nikimwambia rejeta laki mbili na nusu ataenda kwa jirani, na jirani atatoa. Sasa si bora nitoe mimi?" Sikuwa na jibu. Akaingia kwenye kontena, akarudi na kopo la rangi la lita nne na kulimimina juu ya gunia ili nione. Zilikuwa zimejaa kutu, nyingine bado zina mpira wake. Moja aliiokota, akaifuta kwa kidole gumba mpaka namba ikaonekana, 82, akaniuliza kama ile sufuria yangu bado ipo.